Washenga wa Mvua

Ulikuwa mwaka ambao mawingu yalipita juu ya nchi kama mtu mwenye ugomvi na jirani: yalipita upesi, na yalitazama upande mwingine. Mto ukakauka ukabaki mchanga. Nyasi zikawa za kuvunjika, si za kutafunwa. Simba, mfalme wa nchi ile, alinguruma siku tatu mfululizo akiiamuru mvua inyeshe. Mvua haikutii. Siku ya nne Simba akatangaza kwamba amenyamaza kwa hiari yake mwenyewe.

Wenye mbawa waliruka, wenye miguu mirefu walihama. Ukimwacha mfalme, zilibaki nyumba tano tu. Ya Fisi, ambaye hakuhama kwa sababu panapokufa wengi ndipo penye chakula. Ya Bweha, aliyeishi kwa kukubaliana na kila aliyesema mwisho. Ya Ngiri, ambaye hakuhama kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia. Ya Mzee Kobe, aliyekwisha kuanza kuhama lakini alikuwa bado hajatoka uani. Na ya Sungura, mama wa watoto wanne, ambaye hakuhama kwa sababu watoto wake walikuwa wadogo mno kwa safari.

Sasa, wanyama wa nchi ile walijua tangu zamani kwamba mvua haiamriwi, mvua huposwa. Inakaa katika pango juu ya Kilima cha Nyungu, na anayeitaka hupeleka washenga, kama vile watu wanavyopeleka washenga kwa wazazi wa binti. Washenga huwa watatu. Hupanda kilima kwa safu moja, mmoja nyuma ya mwingine, maana njia ni nyembamba, na wakifika mlangoni mwa pango husema maneno ya adabu mpaka mvua ilegee.

Desturi hiyo ilikuwa na mambo mawili ambayo kila mtoto aliyajua. La kwanza: anayekwenda hutoa miguu, anayebaki hutoa posho. Kila nyumba isiyopeleka mtu hupima kibaba kimoja cha nafaka, na washenga hula chakula hicho njiani. La pili: watatu wakirudi mikono mitupu, watatu hao hawatumwi tena pamoja. Mmoja wao anaweza kwenda tena akiwa na wenzake wengine, lakini kundi lile lile halirudi. Mvua imekwisha kulikataa, na kulirudisha ni kumgongea mtu mlango baada ya kuambiwa hapana.

Simba mwenyewe hakwenda wala hakutoa posho. Kazi yake ilikuwa kutoa idhini, kazi ambayo, kwa maneno yake, inachosha kuliko zote.

Aliyepewa kazi ya kupanga washenga alikuwa Fisi. Aliiomba mwenyewe, akisema yeye hana tamaa na chochote. Safari ya kwanza akajipanga yeye, Ngiri na Bweha. Sungura na Mzee Kobe wakabaki, wakapima kila mmoja kibaba chake, wakawatakia heri. Hapakuwa na ubaya wowote. Lazima wawepo wa kwanza.

Baada ya siku tatu washenga wakarudi. Hawakurudi na mvua, lakini walirudi na matumbo yaliyojaa. Fisi akasimama mbele ya Simba, akajifuta mdomo, akaeleza kwamba mvua imewapokea vizuri na imesema inafikiri.

Wiki iliyofuata wakakusanyika tena kwenye mwamba wa baraza. Mzee Kobe alikuwa ameondoka kwake jana yake ili afike kwa wakati. Alijua zamu yake imefika, yeye au Sungura au wote wawili, maana wale watatu wa kwanza wamekwisha kukataliwa. Lakini Fisi akasoma majina: Ngiri, Fisi, Bweha.

"Hao ndio waliokwenda juzi," akasema Mzee Kobe.

"La, mzee wangu," Fisi akamjibu kwa upole mwingi. "Juzi nilitangulia mimi, Ngiri akafuata. Leo anatangulia Ngiri. Aliyesema na mvua juzi si atakayesema nayo leo. Hawa ni washenga wengine."

Sungura akasema watatu ni watatu, hata wakijipanga kwa mkia. Fisi akamgeukia Simba, akainama mpaka pua ikagusa jiwe.

"Mtukufu, wao ni wadogo, hawajui mambo ya heshima. Nikuulize wewe. Ukitembea wewe mbele na mimi nyuma, na siku nyingine nitembee mimi mbele na wewe nyuma, je, huo ni msafara mmoja?"

Simba akahisi kama ametiwa mchanga machoni. Wewe, Fisi, mbele? Na mfalme nyuma, akila vumbi la Fisi? Manyoya ya shingo yakamsimama.

"Haiwezekani kuwa msafara mmoja," akasema. "Kutangulia ni kitu kimoja na kufuata ni kitu kingine. Safu ikibadilika, washenga wamebadilika. Nimemaliza."

Basi ikawa sheria. Bweha akasema hajawahi kusikia hukumu nzuri kama ile. Ngiri akauliza kama kuna chakula.

Ndivyo safari ya pili ilivyokwenda, na ya tatu, na ya nne, na ya tano. Fisi, Bweha, Ngiri. Bweha, Ngiri, Fisi. Ngiri, Bweha, Fisi. Kila mara Sungura na Kobe walibaki, na kila mara kibaba kikatoka kwao. Na majibu ya mvua yakaja pamoja na washenga. Mara ya pili mvua ilisema iko njiani. Mara ya tatu ilisema inatafuta mawingu yaliyo safi. Mara ya nne haikuwapo, imekwenda kwa shangazi yake. Mara ya tano Fisi alisahau kutunga jibu, akasema tu kwamba mvua inawasalimu.

Ngiri, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kunenepa, alianza kupata shingo.

Nyumbani kwa Sungura kibuyu cha nafaka kilikuwa kimefika chini. Mwanzo wa kiangazi kilikuwa kimejaa. Sasa ukikitikisa kilitoa sauti ya kitu kidogo kinachotembea peke yake. Alipopima alipata kibaba kimoja. Akikitoa hicho kwa safari ya sita, watoto wanne watakula nini? Na asipokitoa, sheria ya Simba ilikuwa fupi: nyumba isiyotoa posho inafukuzwa katika nchi. Watoto wale wasingeweza kutembea hata hadi mtoni.

Mchana ule Sungura akakaa kivulini nje ya shimo lake na Mzee Kobe, aliyekuwa amepita kuelekea barazani mapema. Akachota kwenye kibuyu mbegu tano zisizofanana. Punje ya mtama ikawa Sungura. Choroko ikawa Mzee Kobe. Kunde ikawa Bweha. Mbaazi ikawa Ngiri. Njugu, iliyokuwa kubwa kuliko zote na yenye shimo la funza, ikawa Fisi. Watoto wake wanne wakakaa kuzunguka mbegu zile, si kwa kupenda hesabu.

"Nataka kujua kitu kimoja, mzee," akasema. "Katika nyumba tano, watatu wanaweza kuchaguliwa kwa njia ngapi? Nikijua, nitajua kama hii ni bahati mbaya au ni wizi."

Akaanza kuwapanga watatu watatu. Mara alichanganyikiwa. Aliowapanga akawapanga tena, aliowaacha akafikiri amewapanga. Mzee Kobe akasema kwamba yeye huwa anaona vizuri zaidi vitu visivyotembea. Kwa nini mwanangu usihesabu wanaobaki?

Sungura akazikusanya mbegu zote. Kweli. Kila watatu wakienda, wawili wanabaki. Ukijua nani wamebaki, umekwisha kujua nani wamekwenda. Na wawili ni rahisi kuliko watatu.

Akaanza upya. Sungura anaweza kubaki na Kobe, au na Bweha, au na Ngiri, au na Fisi. Hizo njia nne. Kobe naye anaweza kubaki na mmoja kati ya wanne, njia nne. Bweha nne, Ngiri nne, Fisi nne. Nne mara tano, ishirini.

"Njia ishirini," akasema kwa furaha.

Mtoto wake mdogo, ambaye macho yake hayakutoka kwenye mtama na choroko, akasema, "Mama, hao umewaweka mara mbili."

Sungura akatazama. Alikuwa amewaweka mtama na choroko pamoja aliposema Sungura anabaki na Kobe. Kisha akawaweka tena aliposema Kobe anabaki na Sungura. Mbegu zilikuwa zile zile mbili. Ukizipika hazitashibisha zaidi kwa sababu umeanza kwa kuitaja choroko. Na jambo hilo halikuwapata hao wawili tu. Kila wawili aliowaweka aliwaweka mara mbili, kila mmoja akiitwa kwa zamu yake. Ishirini basi ikaanguka nusu. Kumi.

Akaona aibu kidogo, kisha akacheka, maana alikuwa ametenda kosa la Fisi bila kukusudia. Tofauti ni kwamba Fisi alilitenda huku akitafuna.

"Njia ni kumi, mzee. Kumi tu. Katika hizo kumi, mimi na wewe tunabaki pamoja mara moja. Mara moja peke yake. Tumebaki mara tano."

"Nilihisi ni nyingi," akasema Mzee Kobe.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, baraza likakutana. Fisi akatangaza safari ya sita: Bweha, Fisi, Ngiri. Sungura akaomba kusema. Akazipanga mbegu zake tano juu ya mwamba, akaeleza yote, kwa utaratibu, kama alivyoyaona. Wanaobaki wawili. Ishirini. Nusu yake. Kumi. Hakuna safu nyumbani, Mtukufu. Sisi tunaobaki hatuna wa mbele wala wa nyuma, na tumekuwa wawili wale wale.

Simba alipiga miayo mahali pa ishirini, na mahali pa kumi akafumba jicho moja.

"Kwa hiyo," akasema, "unasema mfalme alikosea."

Sungura akaona amefika ukingoni. Akasema hapana, hakusema hivyo. Fisi akacheka kicheko chake kile cha kupanda na kushuka, akasema dada Sungura ana akili nyingi, ila ni akili za kitoto, za kuchezea mbegu. Katika kucheka akaiokota ile njugu iliyokuwa yeye mwenyewe, akaila pamoja na funza wake.

Simba akaamuru Sungura alete kibaba chake kesho asubuhi, na asipoleta ahame na wanawe.

Sungura alirudi nyumbani polepole, akiwa sambamba na Mzee Kobe, na hiyo ndiyo alama kwamba moyo wake ulikuwa mzito. Hesabu yake ilikuwa kweli. Alikuwa na hakika nayo kama alivyokuwa na hakika na masikio yake. Lakini alikuwa ameipeleka mahali ambapo ukweli lazima upige hodi kwenye mlango wa kiburi, na mlango huo haukufunguliwa. Fisi hakumshinda Simba kwa hesabu. Alimshinda kwa kumuuliza kama anaweza kutembea nyuma ya fisi. Basi naye asipeleke hesabu. Apeleke swali.

Asubuhi alifika barazani wa kwanza, na kibaba chake cha mwisho mkononi. Akakiweka juu ya mwamba mbele ya wote. Watoto aliwaacha nyumbani wakilamba kibuyu. Fisi alipokiona kile kibaba macho yake hayakuondoka hapo.

"Mtukufu, posho hii hapa," akasema Sungura. "Sina ugomvi na safari tena. Nina wasiwasi na heshima yako tu."

Simba akafumbua macho yote mawili.

"Washenga hawa ni wa nani?" akauliza Sungura.

"Wangu. Mimi ndiye ninayewatuma."

"Na katika posa, washenga wakikataliwa, anayesemwa kuwa amekataliwa ni nani? Mshenga, au aliyemtuma?"

Bweha akagundua ana mwiba kwenye unyayo na akaanza kuutafuta.

"Mimi siwasikilizi wenye kusema," akaendelea Sungura, "lakini ndege wanaopita wanasema mfalme wa nchi hii amekataliwa na mvua mara tano. Mara tano, Mtukufu. Hata nyani hajawahi kukataliwa mara tano."

Simba akasimama. Alitembea mpaka mwisho wa mwamba na kurudi. Hasira yake ilikuwa kubwa, na kwa kuwa hakuweza kuimwagia mvua, ilihitaji mahali pengine pa kwenda.

"Kila kundi lililokwenda na kunirudishia aibu litalipa aibu hiyo," akasema. "Bwawa langu limejaa tope. Kila kundi litachimba tope siku moja, tangu jua kuchomoza mpaka kutua, bila kula na bila kupumzika. Nani anajua makundi ni mangapi?"

Fisi alikuwa amekwisha kukumbuka tope lile. Lilikuwa jeusi, lilinuka, na lilifika magotini. Siku moja ya kulichimba na njaa ilikuwa nyingi mno. Siku tano hakutaka hata kuziwaza. Ulimi wake ukaenda kabla ya kichwa.

"Kundi moja, Mtukufu. Moja tu."

"Moja, kaka Fisi?" akauliza Sungura. "Mimi nilidhani ni matano. Kulikuwa na mambo ya kutangulia na kufuata."

"Nani kakudanganya?" Fisi akasema, na akageuka kumweleza kwa subira, kama mtu anayefundisha. "Waliokwenda ni mimi, Ngiri na Bweha. Nikitangulia mimi, ni sisi. Akitangulia Bweha, ni sisi. Tungetembea hata kinyumenyume, tungekuwa sisi sisi. Huwezi kuwatoa washenga kumi na watano katika ngozi tatu. Ngiri, simama. Ukitangulia, wewe ni nani?"

"Ngiri," akasema Ngiri.

"Na ukiwa wa mwisho?"

Ngiri akafikiri sana, akageuka kuutazama mkia wake ili apate hakika. "Ngiri. Ila vumbi linakuwa jingi."

"Mmesikia wenyewe," akasema Fisi.

Sungura akamwomba arudie, kwa sababu Mzee Kobe hasikii vizuri. Fisi akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akaongeza kwamba asiyejua jambo hilo hajui kitu. Mzee Kobe akasema amesikia, ahsante sana.

Ndipo Sungura akamgeukia Simba.

"Mtukufu, sina la kuongeza. Fisi amesema ni kundi moja. Desturi inalituma kundi mara moja, nalo limekwenda mara tano, kwa hiyo mara nne limekula posho isiyo yake: vibaba vinne vyangu na vinne vya Mzee Kobe. Lakini wewe ulisema safu ikibadilika washenga wamebadilika, na mimi siwezi kulipinga neno lako. Kama ni hivyo, makundi ni matano, na tope ni siku tano. Utakalosema ndilo."

Fisi akakitazama kibaba kilichokuwa juu ya mwamba, kisha akatazama upande wa bwawa.

"Mtukufu, mambo ya chakula yana hesabu yake," akasema, "na mambo ya tope yana hesabu yake."

Hata Ngiri alimtazama.

Simba alikuwa na shida yake mwenyewe. Akisema kundi ni moja, amekiri alidanganywa mbele ya raia wake wote, ambao walikuwa watano. Akisema makundi ni matano, atakuwa amemwachia posho Fisi, ambaye amelifanya neno lake uongo hadharani. Alifikiri kwa muda ambao kwa mfalme ni mrefu. Kisha akanyanyua kidevu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilikuwa ninampima. Sasa sikilizeni. Neno langu halibadiliki: safu zilikuwa tano, kwa hiyo mtachimba siku tano. Na neno la Fisi ni ushahidi: kundi ni moja, kwa hiyo atarudisha vibaba vinane. Mfalme hakosei, basi yote mawili ni kweli."

Sungura aliona wazi kwamba yote mawili hayawezi kuwa kweli. Alijua pia kwamba kuna siku za kusahihisha hesabu na kuna siku za kunyamaza, na akanyamaza.

Bweha akaacha kutafuta mwiba. Akasema yeye binafsi alikuwa na mashaka na zile safu tangu mwanzo, ila hakuulizwa. Fisi akaapa kwamba hana hata punje moja, posho yote waliila wakaimaliza. Ngiri, ambaye hakuzoea kusikilizwa na leo alikuwa ameionja raha yake, akasema zipo nyingi, ziko kwenye shimo nyuma ya nyumba ya Fisi, chini ya mifupa, pamoja na akiba ya Fisi mwenyewe. Yeye ndiye aliyezibeba. Wakaenda, wakachimbua, wakazikuta. Mzee Kobe alipimiwa vinne. Sungura alipimiwa vinne, akaongeza juu yake kile kimoja cha asubuhi, akakimbia navyo nyumbani bila kungoja maneno ya kufungia baraza. Siku hiyo moshi wa jikoni kwake ulipanda kabla ya adhuhuri.

Siku tano zilizofuata, bwawa la Simba lilikuwa na wachimbaji watatu. Simba alikaa ukingoni akiwaonyesha mahali palipobaki tope. Fisi, ambaye hakuacha tabia yake hata humo, alijaribu kumshawishi Ngiri achimbe mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ngiri akasema yeye ni Ngiri mmoja.

Kazi ya kupanga washenga akapewa Sungura. Hakuomba. Akachora kumi zake kwenye mchanga, zote, kila mtu azione, akafuta moja iliyokwisha kutumika. Zikabaki tisa. Wa kwanza kubaki nyumbani wakawa Fisi na Bweha, na wakaenda Kobe, Sungura na Ngiri. Fisi akapima kibaba chake, akakisawazisha, akaona kimezidi punje mbili, akazitoa. Wakarudi mikono mitupu. Sungura akasimama barazani akasema wamefika mlangoni, wamesema maneno yote, na mvua haikujibu. Hakuongeza neno. Mara ya pili wakabaki Fisi na Ngiri. Kibaba cha Fisi kikatoka tena, na mwenyewe akakisindikiza mpaka mwanzo wa kilima, akikitazama mgongoni mwa wengine kama mtu anayezika ndugu. Mvua haikujibu pia.

Mara ya tatu ilikuwa zamu ya Bweha na Ngiri kubaki, na Fisi akaenda, kwa haki yake. Njia ni nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele alikuwa Mzee Kobe. Katikati Fisi. Nyuma yake Sungura, na posho mgongoni.

Siku ya kwanza wakapita jiwe moja. Siku ya pili wakapita la pili. Fisi alikuwa amebanwa kati ya gamba la Kobe, lisilosogea, na harufu ya mtama, isiyofika mdomoni kabla ya saa ya kula. Alilia. Akaomba atangulie yeye japo kidogo, japo mpaka kwenye kona.

"Ukitangulia au ukifuata, kaka," akasema Sungura, "si tutakuwa sisi sisi?"

Wakamfuata Kobe. Siku ya sita, kabla hawajaliona hata pango lenyewe, upepo ukageuka ukaja na harufu ya udongo uliolowa. Kisha matone, makubwa, ya kupiga gamba la Kobe kama vidole. Mvua ikawanyeshea wote watatu njiani pale pale, wala haikuuliza nani ametangulia. Wakafungua posho wakala, kila mmoja fungu lake, na lililobaki Sungura akawabebea wanawe. Walipofika nyumbani nyasi zilikuwa zimechipua, bwawa la Simba limejaa, na Simba alikuwa akiwaeleza ndege kwamba mvua hatimaye imemtii.

Ghala la Fisi tu ndilo lililokuwa tupu. Aliingia akapapasa chini ya mifupa, akatoka, akaketi mlangoni akiwatazama majirani wakipanda mbegu.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa.